Kuku mkongwe tumbo likimchafuka: pa kuanzia

Nyumbani kwetu Fuoni, hapa Unguja, kuna kuku wawili ambao hawataingia chunguni. Mmoja ni Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, na mwengine tunamwita Ajuza, mweusi, kidole kimoja kimekatika. Walikuwa wa bibi yangu. Aliwalea tangu wakiwa tembe, na alipofariki hakuna aliyethubutu kunoa kisu. Jirani yangu kila akipita kibarazani huniuliza, "Shoga, kuku wa miaka saba huyo mpaka leo hujamtia nazi?" Mie hucheka tu.

Kuku wa kienyeji akisalimika na kideri (mdondo), ngawa na kunguru, miaka saba minane si ajabu, na wapo wanaofika kumi. Lakini maelezo mengi ya ufugaji yameandikwa kwa ajili ya kuku wa biashara, ambaye akipunguza kutaga tu anauzwa. Kuku wa miaka sita akianza kuendesha, mwenyewe hukimbilia duka la dawa, akasema "kuku wangu anaharisha", akapewa unga wa manjano, dawa ya bakteria, akautia kwenye maji. Mie pia nilifanya hivyo, na chini hapa nitaeleza ilivyokuwa.

Kwa kuku mkongwe, mavi mabaya mara nyingi chanzo chake hakiko tumboni. Kiko kwenye gole (kile kifuko cha chakula chini ya shingo), kwenye mji wa mayai, kwenye figo, au kwenye sahani uliyompa jana. Kwa hiyo tunaanza na macho na mikono. Mfuko wa pesa utafunguliwa baadaye, pengine usifunguliwe kabisa.

Hatua ya 1. Yajue mavi yake akiwa mzima

Usiku kuku hunya palepale alipolala, na yote huanguka pahala pamoja. Hapo ndipo pa kutazama. Chini ya mti wa kulalia weka ubao, kipande cha bati au kiroba kilichopasuliwa, ukitazame asubuhi mapema kabla jua halijakausha, kisha ukikung'ute. Kama kuku ni kadhaa usijali, kila mmoja ana pahala pake na habadilishi ovyo, kwa hiyo baada ya siku chache utajua fungu lipi ni la nani.

Mavi ya kawaida yana sehemu mbili: kidonge cha kahawia au kijani cha kijivu kilichoshikana, na juu yake kofia nyeupe kama chokaa. Nyeupe ile ndiyo mkojo wake. Kuku hana kibofu cha mkojo; figo zake hutoa mkojo mzito unaopita tundu moja na mavi. Kwa hiyo mavi ya kuku yanakupa habari za viungo viwili kwa pamoja, utumbo na figo, na watu wengi wanatazama kimoja tu.

Halafu kuna aina ya pili, inayowatia watu wasiwasi bure. Katika kila mavi nane au kumi, moja hutoka laini, linang'aa, kahawia iliyokoza au rangi ya haradali, linanata kama halua (watu wa Wete na halua yao wanisamehe) na linanuka vibaya. Hayo hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo, ambamo mabaki ya chakula huchachuka kwanza. Ni dalili ya utumbo unaofanya kazi. Nimeshaona mtu amewapa kuku wake dawa wiki nzima kwa sababu ya mavi hayo.

Kuku anayelalia mayai naye asikutishe: hunya mara moja mbili kwa siku, fungu kubwa lenye harufu ya kumkimbiza mtu. Na mara mojamoja utaona kipande kidogo chekundu au cha rangi ya chungwa katikati ya mavi mazima. Ni ngozi ya ndani ya utumbo inayojibadilisha. Ikiwa mara moja, achana nayo. Ikijirudia siku ya pili na ya tatu, au ukaona damu mbichi, soma hatua ya 6.

Hatua ya 2. Jana kulikuwa na nini?

Mara ya kwanza kuona mavi ya zambarau nilidhani Ajuza anatoka damu. Nikampakata, nikamgeuza huku na huku, yeye ananitazama tu. Ndipo nilipokumbuka kuwa chini ya mzambarau wa jirani kulikuwa kumejaa. Tangu hapo, kabla ya kushtuka, najiuliza kwanza: alikula nini, alikunywa nini, na hali ya hewa ikoje.

Mchicha na majani mengi huyafanya mavi ya kijani kibichi. Mkaa aliodonoa jikoni huyafanya meusi. Maganda ya tikiti huyafanya majimaji kwa nusu siku. Wakati wa kaskazi, joto likishika, kuku hunywa maji mengi kupooza mwili, kwa hiyo mavi yanakuwa maji yenye kidonge katikati. Akiwa anakula, anaparura na anapiga kelele kama kawaida, dawa yake ni kivuli na maji ya baridi.

Vitu viwili vya jikoni kwetu nataka niviseme zaidi. Cha kwanza ni chumvi. Tunawatupia kuku vichwa vya ng'onda, mifupa ya papa mkavu, dagaa waliotiwa chumvi, tukiona tunawapa minofu. Kuku hawezi chumvi nyingi. Atakunywa kupita kiasi, ataendesha maji matupu, na figo za kuku mzee ndizo zitakazolipa. Ukitaka kumpa dagaa, mpe wasio na chumvi, au waroweke na uwasuuze mara mbili tatu.

Cha pili ni chicha. Nani hapa hawatupii kuku chicha la nazi? Si sumu, lakini ni nyuzi na mafuta, na kwa joto letu chicha bichi lililokaa tangu mchana, jioni limeshachacha. Kuku kijana anapita nalo salama. Mkongwe, ambaye gole lake limelegea, linamkalia humo na kuendelea kuchacha. Mpe dogo, likiwa jipya, au lianike likauke kabisa. Likiota ukungu, litupe mbali asikofika kuku, na wali uliolala uende hukohuko.

Hatua ya 3. Lishike gole, usiku na alfajiri

Hatua hii ndiyo iliyonishinda mie, kwa hiyo nitakaa nayo.

Gole ni kile kifuko kilicho chini ya shingo, mbele ya kifua, upande wa kulia wa kuku kidogo. Chakula hukaa humo kwanza, kikalainika, kisha kikashuka kidogokidogo mpaka kwenye firigisi. Kuku mzima akilala usiku gole limejaa, na akiamka limeisha. Kipimo chote ndicho hicho. Nenda na tochi baada ya Isha, mguse taratibu palepale alipolala: utasikia kifuko kama ndimu kubwa, chenye punje ndani. Rudi alfajiri kabla hujamfungulia na kabla hajapata chochote. Gole liwe bapa, hulioni wala hulishiki. Likiwa bado limejaa alfajiri, hapo pana jambo, hata kama mavi ndiyo yaliyokushtua.

Masika moja Kishingo alianza kutoa maji ya kijani na nyeupe, kidonge hakuna. Nikaenda duka la dawa za mifugo, muuzaji hakuniuliza hata umri wa kuku, akanipa unga wa kutia kwenye maji kwa siku tano. Nikautia. Siku ya tatu yakawa yaleyale, siku ya tano kuku amekonda kidari kama kisu. Bwana mifugo alikuwa anapita mtaani kuchanja, nikamwita.

"Dada, huyu umemshika hapa mbele?"

"Hapana, anaumwa tumbo."

"Tumboni hakijafika kitu. Chakula kimekaa hapa."

Akaniwekea vidole vyangu juu yake. Lilikuwa bonge gumu, kubwa kama yai la bata, na ukilibonyeza halirudi. Ilikuwa ni makumbi! Wiki ile nilikuwa nimebadilisha viota, nikatia nyuzi za makumbi badala ya majani makavu, na Kishingo akazila. Na kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba yule hana manyoya shingoni. Gole lake lilikuwa linaonekana tangu mlangoni, ila mie nilikuwa nimeinama nyuma natazama mavi. Yale maji ya kijani ilikuwa ni nyongo tu, inatoka kwa kuku ambaye utumbo wake hauna kitu. Siku tano nilikuwa nampa dawa mwenye njaa.

Ukikuta gole gumu, mnyime chakula kigumu siku nzima, maji yawepo. Chukua mafuta ya nazi, yagandishe kwenye friji, ukate vipande vidogo kama punje za mahindi, umpe vitano sita. Kuku huvimeza mwenyewe kwa raha, na ni salama kuliko kummiminia mafuta mdomoni, maana yakiingia kwenye njia ya pumzi yatamuua kabla ya lile bonge. Baada ya robo saa mpakate, mkande gole kwa vidole, taratibu, kwa kuzungusha, dakika tano. Usisukume kuelekea mdomoni. Rudia mara nne kwa siku. Likianza kulainika na mavi yakapata kidonge, mpe chakula cha majimaji kidogokidogo. Siku mbili zikipita na bonge liko vilevile, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Gole hupasuliwa likatolewa uchafu na kushonwa, na kuku hupona. Kishingo hakufika huko, siku ya pili jioni lilianza kuachia.

Ukikuta gole laini kama mfuko wa maji, na pumzi yake inanuka kama tui lililolala, hiyo ni hali nyengine. Humo mmeota fangasi wa hamira. Mwondolee kila kitu chenye sukari na wanga: mkate, wali, asali, matunda. Dawa yake ni ya fangasi, nistatini, na kipimo chake akupe daktari wa mifugo kwa uzito wa kuku. Dawa za bakteria humzidishia, kwa sababu zinaua vijidudu vyema vinavyowazuia fangasi. Na kwa kuku mkongwe usiishie hapo. Gole kuchacha mara nyingi ni mkia wa jambo jengine: minyoo, yai lililokwama, uvimbe tumboni.

Tafadhali sana, usimpindue kichwa chini ukamkamua gole. Nimeona watu wanafanya na wanasifiana. Maji yale yakirudi kwenye mapafu, kuku anakufia mkononi.

Lipo pia gole lililolegea likaning'inia kama mkoba, na halipandi tena. Hilo ni la uzee, linarudi nyuma mara chache. Kuku wa namna hiyo mpe chakula kidogo mara nyingi, na majani marefu umkatie.

Hatua ya 4. Kidari, tumbo na nyuma

Ukiwa bado umempakata, pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Ukiusikia umezungukwa na nyama, vizuri. Ukiusikia mkali kama ukingo wa mtumbwi, amekuwa akikonda kwa wiki kadhaa, manyoya yalikuficha. Kwa hiyo mpime uzito. Mie ninatumia mizani ya jikoni na kikapu, kila Ijumaa asubuhi, na nnaandika ukutani kwa penseli. Kuku wa kilo moja na nusu akipoteza gramu 150, ni moja ya kumi ya mwili wake.

Shuka chini, baina ya miguu, nyuma ya kidari. Hapa ndipo kuku wakongwe wanapokuwa na mambo yao. Panatakiwa pawe laini kama tope zito, pasivimbe. Ukikuta pamejaa kama mfuko wa maji, na anasimama wima kifua juu kama jimbi anayetaka kuwika, maji yamejikusanya tumboni. Ukikuta bonge gumu, huenda ni yai lililokwama au uvimbe. Hapo mavi yanakuwa membamba, kidogokidogo, au yanagandia manyoyani, kwa sababu njia imebanwa. Utaliita tumbo, kumbe ni mji wa mayai.

Kuku aliyetaga miaka mingi hupata matatizo ya mji wa mayai sana: kiini kikadondokea tumboni badala ya kuingia njiani, uvimbe, saratani. Saratani ya ovari kwa kuku ni ya kawaida kiasi kwamba watafiti wa ugonjwa huo kwa wanawake humtumia kuku kujifunzia. Sisemi ili ukate tamaa. Nasema ili usimlaumu kwa chakula, wala usimmezeshe madawa ya kuzuia kuharisha.

Ukihisi yai limekwama, anakaa kiotani bila kutaga na mkia unapanda na kushuka akivuta pumzi, mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yamfike tumboni, dakika ishirini, kisha mkaushe na mweke pahala pa giza penye utulivu. Usilivunje yai ndani. Lisipotoka siku hiyo, mtafute daktari.

Mwisho tazama nyuma. Kinyeo kiwe cha waridi, safi. Manyoya yakiwa yamegandana kwa uchafu mweupe wa ute wenye harufu kali, kila ukisafisha unarudi, ni maambukizi ya kinyeo, mara nyingi fangasi. Kata manyoya, mwoshe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mkaushe, mpake krimu ya klotrimazoli, ileile ya watu, asubuhi na jioni kwa wiki moja. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Kwa joto letu nzi hutaga kwenye manyoya machafu, na funza huanza kumla kuku akiwa hai. Nilimwona kuku wa jamaa yangu mmoja hivyo, na mpaka leo kila jioni nainua mikia.

Hatua ya 5. Mtenge siku mbili

Mtoe kwa wenzake, mtie ndani ya tenga au kizimba kidogo penye kivuli, si mbali nao, kwa sababu kuku akiachwa peke yake hanyanyui kichwa. Chini tandika kanga nyeupe kuukuu au magazeti, ubadilishe asubuhi na jioni. Sasa unaona kila anachotoa na unajua anakula kiasi gani. Kundi zima haliwezi kukupa habari hiyo.

Akiendesha maji, anachokufa nacho haraka ni ukavu. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu ya kijiko kidogo, kama yale ya mtoto. Mpe siku moja au mbili, kisha maji matupu. Mwenye gole lililochacha usimpe haya, sukari ni chakula cha fangasi wake. Chakula chake cha siku zote kiloweke kiwe laini, na yai la kuchemsha lililopondwa kidogo humrudisha hamu. Pilipili, vitunguu thomu na majani ya mpapai ambavyo utashauriwa na mtaa mzima, viache kwanza. Tumbo lililochafuka halihitaji pilipili.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza, na wajukuu waambie hivyohivyo. Kuku anaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyomwumiza mtu tumbo, akiwa mzima kabisa.

Hatua ya 6. Sasa irudie rangi

Ukiwa umeshamshika mbele, chini na nyuma, rangi ya mavi ina maana zaidi.

Kijani cha kung'aa bila kidonge ni nyongo: kuku hali kitu, au chakula hakipiti. Rudi kwenye gole. Lakini kijani cha majimaji kwa kuku wengi kwa pamoja, wanahema kwa shida, shingo zinapinda, wengine wameshaanguka, ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Hakina dawa. Waliougua usiwauze wala usiwahamishe, mwambie bwana mifugo na sheha. Kinga ndiyo kila kitu: chanjo ya I-2, tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne, na uzee haumpi kuku msamaha.

Nyeupe tupu, nzito kama chokaa au ya majimaji, kahawia hakuna: hali kitu, au figo zimechoka. Hapa punguza chumvi na chakula cha kuku wa mayai, nitaeleza hivi punde.

Manjano yenye povu, au mavi yenye ute, fikiria minyoo. Vipande vyeupe kama punje za mchele vinavyojongea ni tegu, ambao kuku huwapata kwa kula sisimizi, mbawakawa, nzi na konokono, kwa hiyo mvua za masika zinapomaliza, wao ndio wanaanza. Uzi mweupe mrefu ni minyoo ya duara. Usinunue dawa kwa kukisia: chukua mavi mabichi ya asubuhi ndani ya kikopo safi, upeleke yakapimwe. Piperazini inayouzwa sana inatoa minyoo ya duara tu, tegu hawaijali. Dawa ya aina ya fenbendazoli inakwenda mbali zaidi. Soma karatasi yake, na uulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Damu mbichi ndani ya mavi, kuku amejikunyata, huenda ni koksidiosi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo. Kwa kuku wakubwa wa uani mmoja si ya kawaida, wameshaizoea tangu wakiwa vifaranga, lakini mwili ukishuka kwa sababu nyengine, au ukiwahamisha wakati wa mvua kwenye ardhi chafu, hutokea. Amprolium ndiyo dawa yake, na siku za kuitumia usimpe vitamini B, inaipunguza nguvu.

Kuhusu ule unga wa manjano wa kila duka: upo wakati wake, akiandika mwenye kujua. Kuutia kwenye maji kwa kila kuku anayeharisha ni kutupa pesa, na dawa inabaki ndani ya mayai unayowapa watoto.

Hatua ya 7. Vijiwe, na chakula cha uzee

Kuku hana meno. Firigisi yake husaga kwa vijiwe alivyodonoa, na visipokuwepo punje hupita nzima. Ukiona punje za mtama nzima ndani ya mavi, au gole linachelewa kuisha bila sababu, fikiria vijiwe. Utasema, kwetu mawe yamejaa. Ndiyo, lakini mawe yetu mengi ni ya matumbawe, na mchanga wa pwani ni hivyohivyo. Hayo ni chokaa, na asidi ya tumbo la kuku huyayeyusha. Yanampa kalsiamu, ila kusaga hayasagi sana.

Jaribu mwenyewe. Okota vijiwe vya ukubwa wa punje ya mtama mpaka punje ya hindi, vikamulie ndimu au siki kidogo. Vikitoa povu, ni chokaa. Visivyotoa povu ndivyo vya firigisi. Kokoto ndogo za mawe magumu kutoka bara, na changarawe ya mchanga wa shamba, hufaulu jaribio hili. Kokoto nyingi za hapa kwetu hazifaulu. Weka kopo moja pembeni ya banda, atachukua anachotaka. Makombe yaliyopondwa weka kwenye kopo jengine kwa anayetaga bado.

Usichanganye viwili hivi, na hapo ndipo pa chakula cha kuku wa mayai. Kina kalsiamu ya asilimia tatu na nusu mpaka nne, kwa sababu kuku yule anatoa ganda karibu kila siku. Ajuza hajataga mwaka na zaidi. Kalsiamu yote ile ikapite wapi? Kwenye figo. Kuku aliyestaafu mpe chakula cha kuku wanaokua, chenye kalsiamu ya asilimia moja hivi, na protini ya kutosha hasa wakati wa kunyonyoka manyoya. Mahindi matupu humnenepesha mafuta ya tumboni, na kuku mnene wa ndani ni mgumu kumtibu kuliko aliyekonda.

Na maji. Badilisha kila siku, uyaweke chini ya paa, kwa sababu hawa kunguru walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wakaja kujimilikisha mji, hawakosi kunya ndani ya kila chombo kilicho wazi.

Lini umtafute daktari leo hii

Haya usiyangojeshe kesho: damu nyingi, gole gumu lililopita siku mbili, tumbo limejaa maji na anahema mdomo wazi, kinyeo kimetoka nje, au hajala kwa saa 24. Chukua mavi kwenye kikopo, uzito wake wa wiki mbili tatu, na umweleze alikula nini. Ukimpa hayo, hana haja ya kukisia.

Ikiwa hali si ya kurudi na anateseka, mchinje kwa kisu kikali na bismillahi, usimwache akawa kibudu baada ya wiki ya mateso. Nyama yake usile, usimpe mtu, hasa akiwa amepewa dawa. Mfukie shimo refu, nyunyiza chokaa, mbali na kisima, na jaani usimtupe.

Ajuza ana maji tumboni tangu Rajabu. Daktari alimtoa kiasi cha vikombe viwili vya kahawa kwa sindano, akaniambia yatarudi, na yamerudi kidogo. Anakula. Ijumaa iliyopita alikuwa kilo 1.6, ila nnajua baadhi yake ni maji, kwa hiyo sasa nnaandika na mzunguko wa tumbo, kwa uzi.